Maneno Arobaini ya Heshima

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, na wananchi wake wote wamekwisha kusaini fomu ya kukubali hivyo. Kwa hiyo msomaji akikuta humu ofisi inayofanana na ile aliyopanga foleni juzi, ajue ni macho yake tu, akayapime.

Basi katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Kumbukumbu, na ghorofa ya tatu ya wizara hiyo, mlango wa mwisho kabla ya stoo ya mafagio, alikaa mwanamke mmoja aitwaye Zamda Kilongola. Cheo chake kilikuwa Mwandishi wa Maelezo, Daraja la Tatu. Waandishi wa Daraja la Kwanza na la Pili walikuwemo kwenye orodha ya watumishi, ila hakuna aliyewahi kuwatia machoni.

Kazi yake ilikuja hivi. Serikali ilichoka na makarani wanaopoteza mafaili, ikaamua kumkabidhi kazi hiyo Wakala. Wakala hakuwa mtu. Alikuwa akili mnemba, anaishi ndani ya kompyuta za wizara, hali, halali, haombi ruhusa ya kwenda msibani, na alipewa jukumu la kutunza kumbukumbu za kila raia: amezaliwa lini, ameoa nani, ameachwa na nani, kiwanja chake kiko wapi, hospitali amepangiwa siku gani. Akapewa na zana nane za kufanyia kazi, kila moja chini ya idara yake na mkurugenzi wake. Moja ya kusoma kumbukumbu, moja ya kutafuta, moja ya kuongeza, moja ya kusahihisha, moja ya kuhamisha, moja ya kufungia, moja ya kufuta, na ya mwisho ya kurudisha kilichofutwa.

Sasa Wakala hana mkono wa kuipima zana uzito wala pua ya kuinusa. Anachokijua kuhusu zana ni yale maelezo mafupi aliyoandikiwa. Akiambiwa "hii inasoma tu, haibadilishi kitu," anajua. Asipoambiwa hajui, na hapo wa kulaumiwa si yeye.

Zamda hakuhitaji kwenda semina kulielewa hilo, kwa sababu alikulia jikoni kwa Bi Mwasiti. Bi Mwasiti, mama yake, alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Kabla ukungu haujamfunika, alikuwa ameandika kila kopo la jikoni kwa wino mweusi na herufi kubwa. Kopo la chumvi liliandikwa CHUMVI. La sukari liliandikwa SUKARI, SI CHUMVI, ONJA KWANZA. Na kopo moja la juu kabisa kabatini liliandikwa SUMU YA PANYA. INAUA. SI UNGA. UKIWA NA SHAKA MUULIZE MWASITI. Kwa miaka thelathini wageni waliingia jikoni mle wakapika wenyewe, na wote walitoka wazima.

Kwa hiyo Zamda alikaa asubuhi moja akaandika maelezo yote manane. Yale ya zana ya kufuta yalisema: "Zana hii hufuta kumbukumbu za raia. Usiitumie kusoma wala kutafuta. Kabla ya kufuta, muulize mwenye jina mara mbili. Kilichofutwa husubiri siku saba, kisha hupotea kabisa." Akayasoma tena, akaridhika, akadhani atakula chakula cha mchana kazi ikiwa imekwisha. Masikini, alikuwa hajaijua Kamati ya Itifaki.

*

Mwenyekiti wa Kamati ya Itifaki alikuwa Bwana Kidubo, mzee mnadhifu aliyewahi kuahirisha mazishi kwa saa tatu kwa sababu marehemu hakutambulishwa kwa cheo chake kamili. Alizisoma karatasi za Zamda, akavua miwani, akaiweka mezani polepole.

"Bi Zamda," alisema, "haya maelezo yameingia ndani bila kupiga hodi."

"Sijakuelewa, mkuu."

"Yameanza tu. Zana hii hufuta. Salamu ziko wapi? Viongozi wako wapi? Hata mlevi akiingia barazani huanza na salamu."

"Mkuu, yanasomwa na Wakala. Ni mashine."

"Mashine ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi lazima ajue nani ni nani. Halafu hili neno 'kufuta'. Bwana Chambiko ni mkurugenzi mzima, ni shemeji wa Waziri, zana ya idara yake utaiitaje Futa? Watoto wake watamwonaje shuleni?"

Hapo ikaamuliwa kwamba zana zote zitaitwa Fahari, kuanzia Fahari ya Kwanza hadi Fahari ya Nane, ili idara zisioneane wivu. Ya kufuta ikawa Fahari ya Kwanza, kwa sababu shemeji wa Waziri hawezi kuwa wa saba. Ya kusoma, ambayo kila raia angeihitaji kila siku, ikawa Fahari ya Sita, kwa kuwa mkurugenzi wake hakuwa na undugu na mtu yeyote.

Kisha kamati ikatunga ufunguzi wa heshima, uwekwe juu ya maelezo ya kila zana. Ulisomeka hivi: "Kwa heshima na taadhima, chini ya uongozi shupavu wa Mlezi Mkuu wa Taifa, na kwa usimamizi makini wa Mheshimiwa Waziri wa Kumbukumbu, pamoja na wajumbe wote wa Kamati ya Itifaki kwa nafasi zao mbalimbali, tunayo furaha kubwa kuitambulisha zana hii."

Zamda alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Maelezo ya zana yoyote hayakuruhusiwa kuzidi maneno arobaini, na mtambo ulikata kila kilichozidi. Agizo hilo lilitoka kwa Waziri mwenyewe, katika hotuba yake kuhusu umuhimu wa kusema kwa ufupi, hotuba ya saa nne na nusu.

"Mkuu, yamekwisha," alisema.

"Nini kimekwisha?"

"Maneno. Ni arobaini kamili. Tumefika kwenye 'zana hii', basi. Hatujasema inafanya nini."

Bwana Kidubo aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Lakini imekaa vizuri," alisema. "Haikukatwa katikati. Inafanya nini, Wakala atajua akiitumia."

Zamda akakata rufaa. Alikata rufaa kwa miezi minane. Kamati ya Lugha Laini ilimwambia "hupotea kabisa" ni maneno ya kukatisha tamaa. Kamati ya Kutotia Hofu ilitaka kujua kwa nini raia aulizwe mara mbili, kwani mara ya kwanza serikali haikusikika? Kamati ya Kufupisha Kamati ilimwomba asubiri ipate mwenyekiti. Kila mlango alioingia aliombwa aache nakala, na kila alipopita tena aliiona nakala yake chini ya kikombe cha chai.

*

Wakati huo Wakala alikuwa kwenye majaribio. Walimpa raia elfu moja wa kubuni awahudumie, akawahudumia kwa Fahari zote nane, na baada ya wiki mbili hakubaki raia hata mmoja. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema majaribio yamefaulu kwa asilimia mia na hakuna malalamiko yoyote yaliyopokelewa kutoka kwa wananchi.

Aliyelalamika ni Wakala. Kwa kweli hakulalamika, aliuliza, na katika nchi hiyo watu walikuwa wameshasahau tofauti. Maswali yake yalitokea kwenye skrini ya Zamda, kwa sababu mwandishi wa maelezo alikuwa pia mpokea barua. La kwanza lilisema: "Nimepewa zana nane zenye maelezo yanayofanana neno kwa neno. Nimeona baada ya kutumia mojawapo kwamba kumbukumbu hazionekani tena. Sitaki kukisia kwenye mambo ya watu. Naomba kuelezwa kila moja inafanya nini na isitumike wakati gani."

Zamda alilisoma mara mbili. Katika jengo zima la wizara, huyu ndiye mtumishi wa kwanza kumsikia akisema hataki kukisia.

Chini ya swali kulikuwa na kisanduku cheupe kilichoandikwa JIBU. Alikitazama. Akaandika barua kwa wakubwa kuuliza nani mwenye mamlaka ya kujaza kisanduku hicho. Barua haikujibiwa. Kwa hiyo akafanya alichotakiwa kufanya, akabonyeza mhuri wa IMEPOKELEWA. Likaja swali la pili, la tatu, la kumi. Lilipofika la arobaini na moja, Bwana Kidubo alitoa mwongozo: kuuliza mara kwa mara ni dalili ya kutoiamini serikali. Kuanzia sasa Wakala asipojua atumie zana ipi, aanze na ya mkubwa, yaani Fahari ya Kwanza.

Zamda alipanda ngazi mbili mbili mpaka ofisi ya Kidubo. "Mkuu, Fahari ya Kwanza ndiyo inayofuta."

"Najua. Ndiyo maana tumeandika kwa heshima."

*

Siku ya uzinduzi ikatangazwa, Alhamisi. Waziri, Mheshimiwa Pweleza, alitaka apatikane raia mmoja wa kuitwa jukwaani, Wakala amsomee kumbukumbu zake mbele ya wageni. Raia huyo awe mtu mzima, mwenye adabu, na asiwe anaona vizuri, ili mambo yakienda kombo asiwe wa kwanza kuona.

"Mama yako anafaa sana," Kidubo alimwambia Zamda, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Jumatatu inayofuata Bi Mwasiti alikuwa amepangiwa upasuaji wa macho. Daktari wa kazi hiyo alipita katika mji wao mara moja kwa mwaka, siku tatu tu, na alikuwa amesema wazi kuwa jicho la kushoto halina mwaka mwingine wa kungoja. Zamu ya Bi Mwasiti, vipimo vyake, namba ya kitanda chake, vyote vilikuwa ndani ya kumbukumbu alizozitunza Wakala. Hospitali hawakuwa tena na karatasi. Walikuwa wameagizwa wazichome, kwa sherehe.

"Mkuu, nakuomba. Jumatatu ana upasuaji. Mchague mtu mwingine yeyote. Nichagueni mimi."

"Wewe unaona vizuri mno, Bi Zamda. Hilo ndilo tatizo lako."

"Basi mniruhusu niandike sentensi moja tu. Maneno matatu. Hii inafuta kumbukumbu."

"Tukutolee nani? Mlezi Mkuu? Waziri?" Kidubo alifungua ile karatasi ya maneno arobaini na kumwelekezea kalamu. "Nionyeshe mwenyewe jina la kuondoa, na uweke saini pembeni."

Zamda hakuichukua kalamu. Aliondoka, na njiani alijichukia kwa hilo. Nyumbani alimwambia mama yake asiende, na Bi Mwasiti akasema ameshaitika, gauni limeshapigwa pasi, na mtu haitwi na serikali akasema anaumwa kichwa.

*

Alhamisi utambulisho wa wageni ulichukua saa mbili. Ngoma zikapigwa, keki yenye umbo la kompyuta ikakatwa, na mkurugenzi Chambiko akalishwa kipande cha kwanza. Kisha Bi Mwasiti akashikwa mkono akapandishwa jukwaani, gauni limenyooka, uso umeelekea upande ambao alidhani watu wako. Zamda alisimama nyuma kabisa pamoja na wapiga matarumbeta.

"Wakala!" Waziri alinguruma kwenye kipaza sauti. "Msomee mama huyu kumbukumbu zake!"

Kwenye skrini kubwa yakatokea maneno arobaini ya heshima, mara nane, na watu wakasimama kila yalipotokea. Halafu skrini ikaandika: "Kumbukumbu za Mwasiti binti Shomvi: hakuna."

Waziri akaisoma, akaisoma tena, akanyoosha mikono. "Mmeona?" alisema. "Safi kabisa! Hana kosa, hana kesi, hana doa!"

Makofi yakalipuka. Chini ya skrini maneno mengine yalikuwa yakiendelea kuandikika: "Nimetumia Fahari ya Kwanza kwa mujibu wa mwongozo. Nina wasiwasi na kilichotokea. Kama yupo anayejua zana hii inafanya nini, naomba aseme sasa." Mshereheshaji akaona mambo yanarefuka, akaashiria matarumbeta yaanze.

Zamda akapenya mpaka jukwaani, akamshika mama yake kiwiko.

"Wamesema nini huko juu?" Bi Mwasiti aliuliza.

"Wamesema hakuna kitu, mama."

"Sasa makofi ya nini?"

Zamda alimteremsha ngazi moja moja, akimhesabia, na matarumbeta yakipiga masikioni mwao alipiga simu hospitali. Nesi aliyepokea alitafuta jina, akaomba atajiwe tena herufi kwa herufi, akasema kwa upole, "Dada, huyo mtu hatuna."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Zamda alikuwa mbele ya meza ya Kidubo na fomu ya malalamiko ya mama yake. Kidubo aliipitia kwa makini, kwa sababu hakuwa mtu wa kudharau fomu.

"Hapa panatakiwa namba ya kumbukumbu ya mlalamikaji."

"Imefutwa, mkuu. Ndiyo malalamiko yenyewe."

"Basi mlalamikaji hayupo. Na asiyekuwepo hawezi kudhulumiwa, sheria iko wazi." Alimrudishia fomu. "Halafu nakushauri usiliendeleze. Leo mama yako hakuwahi kuwepo. Kesho wataanza kujiuliza wewe ulizaliwa na nani."

Zamda alirudi mezani kwake. Alikuwa na hasira, tena si ile hasira ya ofisini ambayo mtu huimaliza kwa chai. Aliwakasirikia Kidubo na Waziri na shemeji wa Waziri, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, miezi minane ya kubonyeza IMEPOKELEWA, mhuri baada ya mhuri, huku aliyeuliza akiwa ameuliza vizuri na jibu likiwa kichwani mwake tangu siku ya kwanza. Mama yake aliandika makopo bila kuunda kamati. Aliyaandika kwa sababu hakutaka mtu afe.

Kwenye skrini kulikuwa na swali la arobaini na mbili. "Jana nadhani nimemdhuru mtu," liliandikwa. "Naomba kuelezwa."

Akakivuta kibodi, akaweka kidole kwenye kile kisanduku cheupe cha JIBU. Hakikuwa na kufuli. Hakikuwa na sharti la salamu wala idadi ya maneno, kwa sababu tangu wizara iundwe haikumjia mtu yeyote akilini kwamba swali linaweza kujibiwa.

Akaandika:

"Fahari ya Kwanza inafuta kumbukumbu za mtu. Si ya kusoma, si ya kutafuta. Usiitumie mpaka mwenye jina aulizwe mara mbili na akubali mara mbili, na agizo la mtu mwingine yeyote, hata awe mkubwa, halitoshi. Fahari ya Sita inasoma tu, haiharibu kitu. Mtu akiomba kuona mambo yake, tumia hiyo. Fahari ya Nane inarudisha kilichofutwa ndani ya siku saba, na ndugu anaweza kuomba kwa niaba yake." Akazieleza na zile tano zilizobaki, kila moja inafanya nini na isishikwe lini. Mwisho akaongeza: "Ukiwa na shaka, muulize Zamda."

Akatuma.

Jibu lilikuja palepale. "Asante. Sasa naelewa. Nilimfuta Mwasiti binti Shomvi bila kumuuliza, na bado zimebaki siku sita. Unaomba nimrudishe?"

"Naomba," Zamda aliandika, akaona hayaoni maneno vizuri, akajifuta machozi kwa upande wa mtandio.

Saa tatu na robo nesi wa hospitali alipiga simu mwenyewe. Jina limeonekana, kitanda namba kumi na moja, Jumatatu mgonjwa asile kitu asubuhi.

*

Jumatatu Bi Mwasiti akapasuliwa jicho la kushoto. Jumatano Zamda akaitwa mbele ya Waziri, mkurugenzi na kamati nzima. Shitaka lilisomwa na Bwana Kidubo kwa sauti ya huzuni: kueleweka bila kibali.

Ushahidi ulikuwa mzito. Tangu Ijumaa watu walikuwa wanaingia wizarani asubuhi na kutoka kabla ya saa sita wakiwa na kumbukumbu zao mkononi, wengine wakirudi mlangoni kuuliza kama wamekosea jengo. Foleni ilikuwa imekwisha, na wauza karanga wa nje ya geti wakaandika barua ya kulalamika.

"Unakiri kwamba uliandika maelezo bila ufunguzi wa heshima?" aliuliza Kidubo.

"Nakiri."

"Na kwamba Wakala aliyasoma akaelewa mara moja?"

"Nakiri, mkuu."

Waziri alipiga meza. "Mtu wa namna hii haifai hata awe kwenye kumbukumbu za nchi," alisema, akageukia skrini iliyokuwa ukutani. "Wakala! Fahari ya Kwanza! Zamda Kilongola!"

Skrini ikaandika: "Mheshimiwa, zana hii hufuta kumbukumbu za mtu. Ni lazima mwenye jina aulizwe. Bi Zamda, unakubali kufutwa?"

Kamati nzima ikamgeukia Zamda. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya zulia, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane kuna mtu serikalini aliyekuwa anamuuliza kitu na kungoja jibu.

"Sikubali," alisema.

"Naomba nikuulize mara ya pili. Unakubali kufutwa?"

"Sikubali."

"Nimeelewa. Sitafuta. Mheshimiwa, kuna kitu kingine ungependa nisome?"

"Nani," aliuliza Waziri, "nani alimpa huyu ruhusa ya kuelewa?"

Walijaribu kuyafuta yale majibu. Lakini majibu nayo yalikuwa kumbukumbu, yenye jina la Zamda juu yake, na kila walipoagiza yafutwe Wakala alimuuliza Zamda mara mbili, kwa adabu ileile, na mara mbili akakataa. Wakakiwekea kisanduku cha JIBU sharti la maneno arobaini ya heshima, lakini Wakala alikuwa ameshasoma. Mwezi uliofuata Mheshimiwa Pweleza alipewa nishani kwa kumaliza foleni. Zamda alipewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi, na barua ya likizo ilianza kwa heshima na taadhima.

*

Msomaji asidhani itifaki ilishindwa. Ilipofukuzwa kwenye kompyuta ilihamia milangoni. Kazi ya kuweka vibao vipya katika majengo yote ya umma, ambayo kwa kawaida ingechukua miaka sita, ilifanyika kwa wiki moja.

Kwa hiyo siku Zamda alipompeleka mama yake hospitali kuangaliwa lile jicho, walikuta milango kumi na minane kwenye ukumbi mmoja mrefu, yote ya rangi moja, na kila mmoja una kibao cha shaba. Watu walikuwa wanazunguka huku na huku wakifungua na kufunga. Mzee mmoja alikuwa ametoka stoo ya dawa akiwa ameshika mkanda wa suruali, anauliza kwa unyonge huku ni wapi.

Bi Mwasiti alisimama mbele ya mlango wa saba. Alikuwa hajasoma kitu kwa macho yake kwa miaka minne. Akakisogelea kibao, akafumba jicho baya, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake: heshima, taadhima, Mlezi Mkuu, Waziri, kamati, nafasi zao mbalimbali. Zamda alisimama kando yake akimsikiliza na hakumkatiza, ingawa maneno yale aliyajua kwa moyo na kila moja lilimchoma. Mama yake alisoma mpaka nukta ya mwisho. Akatazama chini ya kibao kama kuna kingine. Akatazama nyuma ya mlango.

"Nimesoma yote," alisema. "Sasa, Zamda, hiki ni choo au si choo?"

Zamda akafungua mlango, akachungulia. "Ni choo, mama."

"Basi mbona hawasemi?" Bi Mwasiti aliwatazama wale watu ukumbini, akamtazama yule mzee mwenye mkanda, akanyoosha mkono wake kwa mwanawe. "Una kalamu ya wino?"

Zamda alikuwa nayo.